Ya kidato cha ngapi? Riwaya za kusoma jioni ukiwa Mtwara au Lindi

Ingia duka lolote la vifaa vya shule Mtwara mjini ukaulize riwaya. Kabla muuzaji hajanyanyuka kwenye kiti atakuuliza: "Ya kidato cha ngapi, kaka?" Ukimwambia si ya mwanafunzi, ni ya kujisomea baada ya magharibi, atakutazama kidogo, kisha atakuonyesha rafu ileile: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu huku, Vuta N'kuvute, Kufikirika, Mfadhili na Usiku Utakapokwisha kule. Chini yake vimepangwa vijitabu vya uchambuzi, na hivyo ndivyo vinavyotoka upesi kuliko riwaya zenyewe. Lindi ni hivyohivyo.

Riwaya ya Kiswahili imegeuka bidhaa ya mtihani. Aliyekutana nayo darasani huendelea kuisoma kwa macho hayohayo hata akifika miaka 40: anawinda dhamira, anapigia mstari methali, anahesabu tashbiha, na akifika katikati anachoka kwa sababu hakuna wa kumsahihishia. Hapa riwaya chache zimepimwa kwa kipimo kingine. Je, inamshika mtu aliyetoka kazini amechoka? Inakwamia wapi? Na ukikwama, ufanyeje?

Anza na Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliiandika kwa Kiingereza na ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwaka huohuo ikaingia katika orodha ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Booker. Gurnah alipopewa Nobel ya fasihi mwaka 2021, wengi huku walikuwa hawajawahi kushika kitabu chake hata kimoja. Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS kule London, akaifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa mwaka 2022.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake anaendesha hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli na ukazorota reli ilipokwisha kupita. Mara kwa mara hufika mfanyabiashara mmoja, Aziz, mtu nadhifu anayenukia manukato, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Mtoto anamhesabu kuwa mjomba. Siku moja anaambiwa atasafiri naye, anapandishwa treni, na huko pwani, dukani, kijana aitwaye Khalil anampasulia: huyu si mjomba wako, mwite Seyyid. Baba yako ana deni lake. Wewe ni rehani.

Hapo ndipo kitabu kinapomshika msomaji wa Kusini, kwa sababu neno rehani halihitaji maelezo kwa mtu wa Newala, Tandahimba wala Mikindani. Anayejua kangomba, jinsi mkulima mwenye shida ya haraka anavyopokea fedha za leo kwa korosho ambazo bado ziko juu ya mti, ataielewa hesabu ya Aziz tangu ukurasa wa kwanza anapotokea. Aziz hapigi, hatukani, hapandishi sauti. Anatabasamu na anakumbuka kila senti. Ni mmoja wa wadai waliochorwa vizuri kuliko wote katika riwaya za pwani yetu, na uzuri wenyewe ni kwamba ukurasa baada ya ukurasa unashindwa kumchukia.

Khalil humpachika Yusuf jina: kifaurongo, kama ule mmea unaokunja majani ukiugusa ukadhani umekufa. Gurnah aliliacha neno hilo kwa Kiswahili hata ndani ya Kiingereza chake. Katika tafsiri halijitokezi tena kama neno geni, limerudi kwa wenyewe. Ndiyo sababu kitabu hiki kinafaa kusomwa kwa Kiswahili hata na mtu mwenye Kiingereza kizuri. Mazungumzo ndiyo yanayofaidika zaidi. Kuna baraza la jioni katika mji wa mlimani ambapo Hamid mwenye duka na Kalasinga, fundi Singasinga, wanataniana kuhusu dini. Kalasinga anatangaza kwamba atafasiri Kurani kwa Kiswahili, na Hamid anamcheka: Kiswahili chenyewe hukijui, Kiarabu hukisomi. Kwa Kiingereza ni kichekesho kizuri. Kwa Kiswahili kinakuwa kichekesho kuhusu tafsiri ndani ya tafsiri, na kinauma vizuri zaidi.

Kitabu kina sehemu sita. Wengi wanakwama ya tatu na ya nne, msafara unapoingia bara. Majina yanamwagika, watu wanaugua, mizigo inapotea, hongo, yaani ushuru wa kupita, inadaiwa kila kijiji, na msomaji aliyezoea kisa kinachokwenda mbele anaona wanazunguka tu. Dawa ni kipande cha karatasi kama alamisho, chenye safu tatu: jina, kazi yake, na nani anamwogopa nani. Muandike kwanza Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara, maana wengine wote wanapimwa kwa umbali wao kutoka kwenye fimbo yake. Mstari wa pili mwachie Chatu, mtawala ambaye kwake msafara unapata kipigo chake kikubwa. Usiruke sehemu ya Chatu hata kama umechoka. Ndipo inapobainika kwamba mfumo mzima wa Aziz umefikia mwisho na kwamba Mzungu ameshakaa njiani. Njia yenyewe si ya kwetu, inakwenda upande wa Ziwa Tanganyika, lakini Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa na misafara ya namna hiyohiyo kutoka Nyasa. Anayepita mbele ya magofu ya Mikindani jioni anaweza kuyajaza watu kwa kutumia kitabu hiki.

Sehemu ya tano inarudi bustanini, na hapa msomaji aliyepitia chuoni ana faida. Mke wa Aziz, mwenye ugonjwa usoni, anamtaka Yusuf. Yusuf anakimbia, na shati lake linachanwa kwa nyuma. Wanaosoma haraka huona mkasa wa mapenzi. Soma kwanza Sura ya Yusuf, sura ya 12, aya 111 tu, ni ya usiku mmoja. Msomaji Mkristo atakuwa anaijua ile ya Mwanzo 39, lakini kule Yusufu anaacha vazi mikononi mwa mke wa Potifa; kuchanika kwa nyuma, kama ushahidi kwamba alikuwa akikimbia, ni kwa Kurani. Gurnah amechukua hiyo ya pili, kisha akaondoa kitu kimoja: huku hakuna ndoto ya mfalme wala ghala la nafaka la kumwinua kijana. Tofauti hiyo ndiyo riwaya yenyewe.

Kasoro ipo. Amina, msichana wa ndani ya ile nyumba, anapewa nafasi ya kusema akiwa amechelewa mno, na anasema mambo mazito kwa kurasa chache. Ungependa abaki. Na mwisho unakatika ghafla, na askari wa Kijerumani barabarani. Wengine hufunga kitabu wakidhani kurasa zimenyofoka. Hazijanyofoka. Mwenye Kiingereza aendelee na Afterlives ya mwaka 2020, inayoingia ndani ya vita ya Wajerumani, ile Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo katika mwaka 1917 ilifika hadi Mahiwa, huku Lindi, kabla jeshi lao halijavuka Ruvuma.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, imeteswa na mtihani kuliko zote. Karibu kila aliyepita kidato cha sita anajua kwamba Denge ni "mwanamapinduzi", na wengi hawakumbuki kwamba kitabu kinachekesha. Kinaanza na hesabu: Yasmin ana miaka 15, Bwana Raza aliyeozwa ana 52. Shafi haongezi hotuba juu ya namba hizo. Anakuacha uwaone wawili hao ndani ya nyumba moja, mmoja anataka kulala na mwingine anasikiliza ngoma za nje, na hayo yanatosha. Yasmin anatoroka, na mjomba wake anamfungia mlango kwa aibu ya ukoo. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo mwenye chumba, marafiki, mdomo mkali na moyo usiouliza kabila.

Mwajuma ndiye anayebeba kitabu, na hilo halisemwi kwenye uchambuzi wowote wa mtihani, maana huko amewekwa kapu la "wahusika wadogo". Mfuate yeye. Kila anapoingia sentensi zinakuwa fupi, utani unaongezeka, na Kiunguja kinasikika kama kinazungumzwa dirishani kwako. Msomaji wa huku atakutana na skuli badala ya shule na mpangilio wa maneno wa Kizanzibari hapa na pale, lakini hakuna kitakachomfanya afungue kamusi mara nyingi. Pale neno linapogoma, lisome kwa sauti. Mara nyingi sikio la mtu wa pwani linalijua hata kama jicho halilijui.

Tatizo la kitabu ni kwamba ni riwaya mbili ndani ya jalada moja. Ya kwanza ni ya Yasmin na Mwajuma. Ya pili ni ya Denge, aliyesoma Urusi, na wenzake, makaratasi ya siri, Inspekta Wright na Koplo Matata wakiwanusa. Zinapishana, na kila mara riwaya ya siasa inapoanza kutoa hotuba, ile ya kwanza inasubiri nje kwenye baraza. Ushauri wa kusoma: sura za Yasmin zigawanye, moja kwa jioni moja, usizikimbize. Sura za kufukuzana na polisi zimeze kwa kikao kimoja, kama filamu, bila kusimama kwenye hotuba. Ukifanya kinyume, yaani kutafakari hotuba na kukimbiza nyumba, ndiyo unarudi darasani.

Filamu ipo, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji. Ni nzuri kwa macho, na imechagua kushika uzi wa mapenzi na siasa zaidi kuliko vichekesho vya Ng'ambo. Isome riwaya kwanza. Ukianza na filamu, Mwajuma wako atakuwa na sura uliyopewa.

Sasa kuhusu nakala, kwa sababu hii ndiyo inayouzwa vibaya kuliko zote. Kwenye vibanda vya stendi na baadhi ya maduka utapewa Vuta N'kuvute ya fotokopi iliyobandikwa jalada la rangi. Mbali na kwamba mwandishi hapati kitu, ni kitabu kibovu kukisoma: mashine imekata mstari wa mwisho wa ukurasa wa kushoto, kurasa za katikati zimeinama, na wino unabaki kwenye kidole gumba kikiwa na jasho. Kuitambua ni rahisi. Angalia ubavu wa kitabu kutoka juu. Cha kiwandani karatasi zimelingana kama zimekatwa kwa kisu kimoja. Cha fotokopi zinapanda na kushuka. Halafu tazama ukingo wa ndani, karibu na gundi: kivuli cheusi kama moshi maana yake kilifunuliwa juu ya kioo cha mashine.

Hata kitabu halali kikague kabla ya kulipa. Vitabu huchapwa kwa mikunjo, na mkunjo mmoja kwa kawaida una kurasa 16 au 32. Kosa la kiwandani likitokea haliondoi ukurasa mmoja, linaondoa mkunjo mzima au kuurudia mara mbili. Kwa hiyo usihangaike kupekua ukurasa mmojammoja. Fuata namba za juu au chini kwa kasi ya kidole, ukitafuta kuruka kwa namna hii: 96, halafu 113. Ukiona hivyo, kirudishe palepale. Ukigundua ukiwa Nanyumbu, imekula kwako.

Vingi vimebandikwa kwa gundi tu, bila uzi. Ukikifunua kipya katikati kwa nguvu hadi kilale meza, gundi inapasuka na kuanzia hapo kurasa zinamwagika moja baada ya nyingine. Kilaze kwa mgongo juu ya meza, acha majalada mawili yaanguke pande zake, kisha fungua kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, ukibonyeza taratibu karibu na mgongo, hadi ufike katikati. Dakika tano, na kitabu kinadumu.

Halafu kuna hewa yetu. Nyumba za Shangani ya Mtwara na zile za pwani ya Lindi zinapokea unyevu wa chumvi mwaka mzima, na kifuku, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hakina huruma. Usiegemeze rafu kwenye ukuta unaotazama bahari wala usiweke sanduku la vitabu juu ya sakafu ya saruji. Lipandishe juu ya mbao mbili, mchwa nao utawaona mapema wakipanda. Vitabu vyembamba vilivyofungwa kwa pini vinashika kutu kwenye pini kwanza, na kutu hiyo inakula karatasi iliyo karibu. Zitoe pini, pitisha uzi wa kushonea katika matundu yaleyale. Kikilowa, tia karatasi tupu, zisiwe za gazeti kwa sababu wino wake unahama, kila baada ya kurasa kumi hivi, kikauke kivulini chenye upepo. Jua kali linakikunja kama samaki mkavu. Na wakati wa korosho, weka bibo mbali: maji yake yakigusa karatasi yanaacha doa la kahawia lisilotoka kwa chochote. Ming'oko na pilipili nazo zisubiri mwisho wa sura.

Ukiagiza Dar es Salaam mzigo unakuja kwa basi. Mwombe muuzaji avifunge nailoni mbili, maana buti la basi likipita mvua linaingiza maji, na akupigie picha ukurasa wa mwisho wenye namba. Kipindi cha mvua kubwa jipe siku za ziada. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na kila kitu kikasimama, vitabu vikiwemo.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, haikwami popote. Tatizo lake ni kinyume: inakimbia mno, unaimaliza usiku mmoja ukiwa na hasira. Kezilahabi, Mkerewe wa Namagondo, aliiandika akiwa kijana wa chuo kikuu, na kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo. Zakaria, baba mlevi, anamlinda binti yake Rosa kwa kipigo. Barua ya kijana Charles ikiangukia mikononi mwake, kinachofuata ni kurasa ngumu kuliko zote za kitabu. Binti huyo akitoka nje ya macho ya baba, kwanza sekondari ya bweni na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hana kinga nyingine yoyote kwa sababu hakuwahi kupewa nyingine.

Wasomaji wa bara hubishana kama kosa ni la Rosa au la Zakaria. Mmakonde, Mmwera au Mmakua anayeisoma huwa na swali ambalo uchambuzi hauna: mjomba yuko wapi? Huku, mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba anayempiga binti kiasi hicho angeitiwa kikao na wajomba kabla jua halijazama. Kule Ukerewe ya kitabuni, Regina, mama mtu, hana ndugu wa kumwita. Na binti wa huku angekuwa amepita unyagoni akaambiwa mambo kwa majina yake, vizuri au vibaya. Rosa hakuambiwa kitu, alitishwa tu. Swali hilo likishaingia kichwani haliondoki. Unakumbuka kwamba katika Peponi mjomba alikuwa wa uongo, na katika Vuta N'kuvute alikuwa wa kweli akafunga mlango.

Sura ya mwisho inahamia mbinguni, na hukumu inatolewa huko. Wapo wanaoisifu. Kwa maoni yangu inafuta kazi nzuri iliyofanywa duniani, kwa kuwa inasema kwa sauti yale ambayo ukimya wa nyumba ya Zakaria ulikuwa umekwisha kuyasema. Isome, lakini usiihesabu kama ndiyo shabaha ya kitabu. Na usimpe mtoto wa kidato cha kwanza bila kukaa naye. Kuna utoaji mimba na kujiua, na vimeandikwa wazi.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni nyembamba, haifiki hata kurasa 100, na ndiyo maana watu wanaidharau au wanaikimbiza. Nchi inayoelea angani, mshitakiwa Karama, waziri Majivuno anayemshitaki kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wa siku sita unaosimulia wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Ukiisoma kwa mkupuo inakuwa hadithi moja iliyorudiwa mara sita, na utakuwa na haki ya kusinzia. Isome kama ilivyojengwa: mjumbe mmoja, jioni moja. Na kwa sauti. Sentensi za Shaaban Robert zina mizani ya mtu aliyelelewa na tenzi, na jicho peke yake linazipitia kama sheria za halmashauri. Mpe kijana wa nyumbani awe Majivuno, wewe uwe Karama. Yule mjumbe wa kusini mtamgombania.

Kwa safari ya Lindi kwenda Mtwara na kurudi, au foleni ya benki, hakuna kinachoshinda Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, na maiti penye mzimu ambapo kila mtu yuko tayari kusema ni kazi ya mashetani. Mwandishi anampenda Sherlock Holmes na hafichi. Lakini ubishi wa Bwana Msa na watu wanaoamini mizimu ni wa kwetu kabisa. Kasoro yake ni maelezo ya mwisho, marefu kama hesabu ya chama cha msingi. Rudi nyuma kidogo kabla hujayafikia, uandike jina la unayemshuku kwenye alamisho, ndipo uendelee. Bila hivyo utajidanganya kwamba ulijua.

Nagona, ya Kezilahabi tena, ya mwaka 1990, iache kwanza. Ni fupi kama Kusadikika lakini hakuna njia iliyonyooka ndani yake, msimulizi anakwenda na hujui anakwenda wapi, na aliyechoka ataiweka chini ukurasa wa kumi akidhani yeye ndiye mjinga. Ifungue Juni au Julai, kusi likivuma na kichwa kimepoa, na uwe na Mzingile ya mwaka 1991 karibu.

Kinachobaki ni riwaya inayotukaribia zaidi kwa ramani, The Magic of Saida ya M. G. Vassanji, ya mwaka 2012, imeandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza chake si kigumu. Aliyezoea gazeti la Kiingereza ataimudu, ingawa zile sehemu za mshairi mzee Omari na Vita vya Majimaji zinarudi nyuma na mbele kwa miaka, na alamisho yako hapa iwe na tarehe badala ya majina. Ni Kilwa tupu. Daktari Kamal Punja anarudi kutoka Kanada kumtafuta Saida, msichana wa utotoni. Mama yake Kamal ni Mwafrika wa Kilwa, baba yake Mhindi aliyeondoka, na Kamal akiwa na miaka 11 mama huyo anamtoa Kilwa na kumpeleka Dar es Salaam akalelewe na jamaa wa baba ili awe Mhindi kamili. Wahakiki wengi wanasimama kwenye suala la rangi. Ukimpa msomaji wa Kivinje au Mingoyo ataanza na jingine: mama anampelekaje mtoto wake kwa watu wa upande wa baba?